Nyanya ukutani: Slaidi zilizosafishwa bafuni

Wasomaji wengi watakumbuka siku za kupeleka filamu studio, kisha kurudi baada ya wiki kuchukua bahasha ya picha pamoja na negativu zake. Slaidi ni kitu kingine. Hapo filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo hugeuzwa ikawa picha, ikakatwa, ikatiwa kwenye fremu ndogo na kuangazwa ukutani kwa projekta. Hakuna negativu inayobaki. Ukiiharibu, umeiharibu.

Hayo niliyajua mwaka 2019 nilipompiga nyanya yangu picha 36 huko Wundanyi, akipukuchua mahindi barazani. Nilirudi nazo Mombasa nikiwa na hamu ya kuzisafisha mwenyewe, tena za rangi nyeusi na nyeupe.

Siri yenyewe si ngumu. Filamu hupakwa utando wenye chembechembe za chumvi ya madini ya fedha. Dawa ya kwanza huzigeuza kuwa fedha nyeusi zile zilizopigwa na mwanga. Anayetaka negativu huziyeyusha zilizosalia. Anayetaka slaidi hufanya kinyume: huiondoa ile fedha nyeusi, huziacha zilizosalia, huziangaza kwa taa, kisha huzitia dawa mara ya pili. Basi palipokuwa na mwanga hubaki peupe na palipokuwa na kivuli huwa peusi, kama jicho lilivyoona.

Kinachoiondoa fedha ni potasiamu pamanganeti, ile dawa ya zambarau ambayo wazee wetu walioshea vidonda, ikichanganywa na asidi ya salfuriki. Hapa sitaki mchezo. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha, watoto wawe mbali, na chombo ulichotumia kisirudi jikoni hata ukikiosha mara mia.

Maelezo ya kampuni ya Ilford ya Uingereza hutaja nyuzi 20 za Selisiasi. Mimi nilitumia maji ya bomba la Changamwe, mwezi wa Machi! Pamanganeti hulainisha utando wa filamu, na katika joto lile utando uliambuka kama ule wa maziwa yaliyochemka. Nilipofungua mkebe, nyanya alikuwa akielea majini vipande vipande.

Nilipanda tena milima ya Taita kwenda kukiri kosa. Nyanya alicheka. "Basi leta kiti, mjukuu wangu," aliniambia. "Mahindi bado yapo."

Mara ya pili nilijaza beseni barafu, nikatumbukiza chupa zote humo na kukaa na themometa mkononi. Kabla ya filamu yenyewe nilijaribu kipande cha nyingine, kikatoka cheusi mno, dalili kwamba dawa ya kwanza haikukaa vya kutosha. Nikaongeza dakika mbili. Baada ya pamanganeti hufuata sodiamu metabaisalfaiti ya kuondoa madoa ya kahawia, na hapo ndipo unaweza kuwasha taa. Kila upande wa filamu niliuangaza kwa dakika moja hivi, glopu ikiwa mbali, kwa maana tone la maji likiirukia ikiwa moto, hupasuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akiuliza ataoga lini.

Nyanya alifariki mwaka 2021. Kila Disemba tunapokutana Wundanyi tunatundika shuka ukutani na kuwasha projekta ya mitumba. Katika slaidi ya kumi na moja ameacha mahindi, ametazama kando na anacheka. Shangazi husema alikuwa akimcheka jogoo. Mjomba hushikilia kuwa alikuwa akimwita yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nami sikumbuki.