Samaki Mpole wa Chini: Nani Akae Mchangani mwa Tangi la Maji ya Bahari?

Mtu asimamaye Vigwaza hawezi kuiona bahari. Kijiji hicho kiko bara, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze, na maji yaliyo jirani nacho ni ya Mto Ruvu, ambayo hayana chumvi. Hata hivyo maji hayo hayo, yaliyoanza safari yake katika milima ya Uluguru, humwagika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, katikati ya mikoko. Kwa hiyo shule iliyo mahali kama Vigwaza haiko mbali kiasi cha kushindwa kuwa na tangi la kioo la maji ya bahari katika maabara yake. Wala haiko karibu kiasi cha kuweza kusahihisha kosa kwa kwenda kuchota ndoo moja ya maji mapya. Samaki mmoja asiyefaa aweza kuua wenzake wote kwa usiku mmoja, na kazi ya miezi miwili ikamwagwa nje. Umbali huo ndio unaofanya uchaguzi wa wakazi wa tangi uwe jambo la kufikiriwa mapema, na mkazi anayestahili kufikiriwa kwanza ni yule wa chini.

Samaki wa chini huhitajika kwa sababu mbili. Kwanza, chakula kisichodakwa na samaki waogeleao juu huanguka mchangani, na kisipoliwa huoza. Pili, tangi lisilo na mkazi wa chini humwonyesha mwanafunzi nusu tu ya maisha ya bahari, kwani viumbe wengi wa matumbawe huishi kwenye mchanga, chini ya mawe na ndani ya mashimo. Lakini ni kosa kumdhania samaki huyu kuwa mfagiaji. Naye hula, naye hutoa uchafu, na uchafu wake huongezeka juu ya ule wa wengine.

Uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Baharini amonia husambaa katika maji yasiyo na mwisho. Katika tangi haina pa kwenda. Kinachookoa ni bakteria wakaao juu ya mchanga na mawe. Baadhi yao, kama wale wa jamii ya Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka, kwa kawaida majuma manne hadi sita. Mwalimu atiaye maji Jumatatu na samaki Jumanne atazika samaki kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama amechagua samaki aliye mpole kuliko wote.

Chumvi nayo yataka hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40 lina nafasi ya lita 112. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi iachwayo juu, hubaki kama lita 90 za maji, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita. Kwa hiyo ndani ya tangi mna gramu 3,150 hivi. Joto la Vigwaza likikausha lita 5, chumvi haikauki pamoja nazo. Gramu zile zile 3,150 sasa zimo katika lita 85, na kila lita ina gramu 37. Ndiyo sababu pengo hilo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, wala si kwa maji mengine ya bahari. Maji ya mvua safi yafaa. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi katika beseni kwa siku nzima kwanza. Na madumu yawe mapya, au yale yaliyochukua maji tu. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halifai hata likioshwa mara kumi.

Tukija kwenye uchaguzi wenyewe, neno «mpole» lahitaji kuelezwa. Samaki hana upole wala ukatili kama binadamu. Ana njaa, na ana mahali anapopalinda. Hivyo maswali ya kuuliza ni mawili: je, kinywa chake chaweza kumeza wenzake, na je, eneo analolilinda ni kubwa kuliko tangi? Kinywa hueleza mengi. Samaki wa chini mwenye kinywa kipana kilichoelekea juu, akaaye kimya kama aliyelala, huvizia. Mwenye kinywa kidogo kilichoelekea chini hudonoa vijidudu mchangani, na kwa kawaida huwaacha jirani zake salama. Mwanafunzi akaaye nusu saa kando ya kidimbwi wakati wa maji kupwa, akitazama bila kugusa, atajifunza haya vizuri zaidi kuliko kwa kuambiwa.

Wapo wasiopaswa kuingizwa kabisa. Wa kwanza ni Synanceia verrucosa, samaki afananaye na jiwe, ambaye mgongo wake una miiba 13 yenye sumu. Anapatikana katika bahari yetu, na wavuvi wamjua vizuri. Mtu aliyechomwa naye hutumbukizwa mguu au mkono katika maji ya moto kwa kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa kuwa joto huidhoofisha sumu hiyo, kisha hupelekwa hospitali bila kukawia. Wa pili huvutia macho zaidi, na kwa hiyo ni mtego zaidi: Plotosus lineatus, kambare wa baharini mwenye mistari myeupe juu ya mwili mweusi. Watoto wake hutembea kwa kundi lililosongamana kama mpira, nao huonekana wapole kabisa. Lakini hukua hadi kupita sentimita 30, na ana miiba mitatu ya sumu, mmoja mgongoni na mmoja katika kila pezi la ubavuni. Mkunga na chewa hawahitaji maelezo. Hata chewa mchanga mwenye urefu wa kidole huwa ameanza kumeza wadogo zake.

Gayogayo ni kesi ngumu zaidi. Mwili wake ni bapa, macho yote mawili yako upande mmoja, hujifukia mchangani akabaki macho tu, na hakuna somo zuri kuliko yeye la jinsi mnyama ajifichavyo kwa rangi. Lakini mmoja wa jamii hiyo aishiye katika Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, Pardachirus marmoratus, hutoa utomvu mweupe kama maziwa kutoka kwenye tezi zilizo kando ya mapezi yake. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kimarekani Eugenie Clark alionyesha kwamba papa waliojaribu kumla samaki huyo walishindwa kufunga taya zao. Utomvu uwezao kumzuia papa katika bahari wazi, katika lita 90 waweza kuwamaliza wakazi wote.

Mkundaji hana sumu, na sharubu zake mbili azitumiazo kupapasia mchanga hupendeza kuzitazama. Tatizo lake ni ukubwa: huchimbua usiku na mchana, maji hayatulii, na baada ya mwaka tangi huwa dogo kwake. Kadhalika samaki wa jamii ya Valenciennea, ambao huchukua mchanga kinywani, huchuja vijidudu na kuutema mchanga kupitia mashavuni. Ni wapole kweli, nao wapo pwani yetu. Lakini katika tangi dogo humaliza vijidudu vya mchanga kwa majuma machache, kisha hukonda mbele ya macho ya darasa zima ijapokuwa chakula chaelea juu yao. Upole wa mkazi si hoja ya kutosha ikiwa tangi haliwezi kumlisha.

Valenciennea hao ni tawi moja tu la ukoo mkubwa wa samaki waitwao gobi, yaani Gobiidae, wenye spishi karibu 2,000 duniani. Wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Kwa walio wengi mapezi mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe kidogo, ambacho samaki hukitumia kujishikiza juu ya jiwe. Na kwa kuwa wengi hawana kifuko cha hewa kilicho imara, wakiacha kupiga mapezi huzama na kutulia chini. Hata samaki warukarukao kwenye matope ya mikoko ya Bagamoyo, Periophthalmus, ni ndugu zao wa karibu, ingawa hao hawafai katika tangi lililojazwa maji, maana muda wao mwingi huutumia nje.

Ndani ya ukoo huu mna ushirikiano ambao ni miongoni mwa mambo ya ajabu ya bahari. Gobi wa jamii ya Amblyeleotris hukaa katika shimo moja na kamba mdogo wa jamii ya Alpheus. Kamba ndiye mchimbaji. Siku nzima husukuma mchanga nje kama tingatinga dogo. Lakini macho yake ni dhaifu. Gobi hawezi kuchimba shimo kama lile, ila huona mbali. Basi gobi hukaa mlangoni, na kamba atokapo humgusa kwa papasi yake moja. Hatari ikitokea, gobi hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani mara moja. Hatari ikizidi, wote wawili hutoweka. Mjerumani W. Luther aliueleza ushirikiano huu mwaka 1958 baada ya kuuchunguza katika Bahari ya Shamu, na leo zaidi ya spishi 100 za gobi zajulikana kuishi hivyo.

Ni rahisi kwa mwalimu kutamani jozi hiyo, na mwenye uzoefu asizuiwe. Lakini kuwakamata wawili hao pamoja bila kuharibu shimo ni kazi ya mzamiaji hodari, na kamba mtu aliyempoteza mwenzake hutoka mara chache. Kwa tangi la kwanza la shule, afaaye zaidi ni ndugu yao asiye na sifa nyingi: Istigobius decoratus, gobi wa mchangani mwenye rangi ya kijivu na madoa ya hudhurungi, apatikanaye kwenye mchanga karibu na matumbawe. Urefu wake hauzidi sana sentimita 12. Hadai pango la fahari. Jiwe bapa lililoinuliwa upande mmoja lamtosha. Hupokea vipande vidogo vya kamba mbichi au nyama ya chaza vikishushwa chini kwa bomba la kioo, na huwapuuza waogeleao juu yake. Rangi yake haivutii macho ya wageni wa shule, lakini yu hai mwezi wa sita.

Wawili watosha, na wasiwe madume wawili. Juu yao wawepo samaki wadogo watatu waogeleao katikati, mfano Chromis viridis wa kijani. Gobi watangulie kuingizwa, ili wapate makao yao kabla wengine hawajagawana tangi. Kikande asiingie kamwe: meno yake huvunja makombe, sembuse mapezi ya jirani.

Kuhusu kuwapata, afisa uvuvi wa wilaya aulizwe kwanza, kwa kuwa uvuvi hutawaliwa na sheria. Katika hifadhi za bahari zilizo kaskazini ya Dar es Salaam, yaani Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, zilizotangazwa mwaka 1975, samaki haguswi. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kina wataalamu wawezao kutambua samaki na kueleza mahali penye maji safi. Utupa, ambao wazee waliutumia kulevya samaki kwenye vidimbwi, usitumike. Huua wengi ili kupata mmoja. Vifaa vitoshavyo ni vyavu viwili vidogo vya mkono na subira.

Samaki wa tangi asirudishwe baharini mahali pengine pasipo pake. Pterois miles, samaki mwenye mapezi marefu ya miiba ya sumu ambaye kwao ni bahari yetu hii, pamoja na ndugu yake Pterois volitans wa Pasifiki, leo wameenea katika Bahari ya Karibi. Mmoja wao alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na wataalamu wanakubaliana kwamba asili ya uvamizi huo ni samaki waliofugwa katika matangi. Huko hawana adui wa kutosha, nao humeza samaki wadogo wa matumbawe kwa wingi.

Maji yachotwe wakati wa maji kujaa, ambapo maji ya bahari kuu yamesogea pwani, na mbali na mlango wa Ruvu, hasa wakati wa masika, mto uletapo tope na kupunguza chumvi. Gobi asafirishwe kivulini, katika chombo chenye maji nusu na hewa nusu. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 28 maji ya bahari huchukua miligramu 6.5 hivi tu kwa lita. Afikapo asimwagwe tangini. Atiwe kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano, kwa muda wa saa moja.

Siku mbili za kwanza huenda asionekane, na hilo si ajabu. Yuko chini ya jiwe lake. Asipoonekana siku ya tatu, jiwe lisifunuliwe kabla sakafu iliyo nyuma ya tangi haijatazamwa, maana gobi akishtuka huruka. Kipande cha chandarua kilichofungwa vizuri juu ya tangi huzuia jambo hilo.