Fundi Wako Anataka Kurudi Shule? Soma Hii Kabla Hujalipa Karo

Tuseme una gereji ndogo pale Kariobangi. Fundi wako anaijua injini kwa kusikiliza mngurumo tu. Lakini magari ya siku hizi yamejaa kompyuta, na leo amekuambia: "Boss, nataka kusomea umeme wa magari." Unawaza: nikimlipia, si ataenda kutafuta kazi kwingine?

Swali ni la haki. Lakini piga pia hesabu ya kutomsomesha: gari likiwashinda, mteja anapeleka pesa zake kwa jirani. Basi tuanze na mambo manne.

1. Jua haki yako. Kisheria, mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, yaani Sh600 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya mwajiri, haikatwi kwa mshahara. Inasimamiwa na NITA, na mwajiri anayelipa anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo. Ila omba idhini kabla masomo hayajaanza. Ukimpeleka kwanza ndio uombe, utakuwa umechelewa.

2. Ongea na chuo. Hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Uliza kama fundi anaweza kusoma siku kadhaa na kufanya kazi siku zingine. Wewe pia una kitu cha kutoa: wanafunzi wao wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Na kama fundi wako anajua kazi ila hana karatasi, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la 3 hadi la 1.

3. Lipa karo vizuri. Tumia Paybill iliyo kwenye barua rasmi ya chuo. Usitume kwa nambari ya mtu binafsi, hata akisema yeye ndiye mwalimu. Kwenye akaunti weka nambari ya usajili ya mwanafunzi, si jina la gereji. Jina la chuo likitokea kwenye simu, lisome kwa makini. Na tafadhali usifute ujumbe wa malipo. Uhifadhi pamoja na risiti ya chuo, maana ukiomba kurudishiwa utahitaji kuonyesha ulilipa nini.

4. Andikeni makubaliano. Nani analipa nini, mshahara utakuwaje siku za darasa, na atakaa kazini muda gani baada ya kumaliza. Kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi.

Muhimu zaidi, andikeni cheti kitamwongezea shilingi ngapi kwa mshahara. Karatasi peke yake haimfungi mtu. Lakini fundi akijua ujuzi wake mpya utalipwa pale pale gerejini, ana sababu nzuri ya kurudi kazini Jumatatu.