Je, Wajua? Ukuta Ndio Nusu ya Spika

Je, wajua, ewe msomaji, kwamba spika iliyopachikwa ukutani haitoi sauti yake peke yake, bali husaidiwa na ukuta ulioibeba, na kwamba spika ile ile, ikiondolewa mahali pake na kuning'inizwa hewani, hupoteza sehemu kubwa ya sauti zake nzito? Jambo hili lastahili kufahamiwa na kila mwenye azma ya kuifanya sebule yake kuwa jumba dogo la sinema, na hususa mkazi wa Karatu, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma yatokanayo na udongo mwekundu wa nyanda zile, si kwa mbao na bodi kama zile nyumba za Marekani walizozikusudia wabunifu wengi wa spika za namna hii.

Umbile la spika ni sahili kuliko wadhaniavyo wengi. Ndani yake mna sumaku thabiti, koili ya waya mwembamba ikaayo katika uwazi wa sumaku hiyo, na kiwambo cha karatasi au plastiki chenye umbo la faneli kilichoshikamana na koili. Umeme uliochukua sura ya sauti upitapo katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, kiwambo huifuata koili, na hewa hukifuata kiwambo, hata mtikiso ukawasili katika ngoma ya sikio. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric huko Marekani, waliueleza muundo huu mwaka 1925, na ijapokuwa vifaa vimebadilika tangu zama zile, asili yake ingali ile ile.

Lakini kiwambo kina nyuso mbili, na hapo ndipo ilipo siri ya ukuta. Uso wa mbele unapoikandamiza hewa, uso wa nyuma huilegeza wakati huo huo, ikawa kila wimbi litokalo mbele lina kinyume chake nyuma. Mawimbi mafupi ya sauti nyembamba hushika njia yake mbele bila ya taabu. Ama mawimbi marefu ya sauti nzito, ambayo kwa mitetemo 40 kwa sekunde urefu wake hupita mita 8, huuzunguka ukingo wa spika, yakakutana na kinyume chake, yakafutana kama deni na malipo yaliyo sawa yafutanavyo katika daftari la mfanyabiashara. Ukuta huyakataza mawimbi ya nyuso mbili hizo yasikutane, na uwazi uliomo ndani yake hushika kazi ya sanduku.

Basi katika nyumba ya mbao, uwazi huo huwapo tayari baina ya nguzo, kwa kina cha sentimita 9 hivi. Katika nyumba ya matofali haupo, na fundi hana budi kuufanya. Akichimba kishimo kidogo cha kuitosha spika tu, hewa iliyofungiwa humo huwa ngumu, ikakizuia kiwambo kucheza, na besi ikadhoofika. Iliyo bora ni kusimamisha fremu ya mbao kavu mbele ya ukuta wa matofali, kuijaza sufu ya mawe, ambayo hufanywa kwa kuyeyusha mawe ya volkano kama basalti, kisha kuifunika kwa tabaka mbili za bodi ya jipsamu zilizokazwa kwa skrubu za karibu karibu, ili pasiwe na kipande kitakacholia chenyewe sauti nzito itakapopita. Nyaya za spika nazo zipitishwe katika paipu kabla ya plasta kupigwa, tena mbali na nyaya za umeme wa nyumba. Kwa maana umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na nyaya zikiandamana kwa masafa marefu, mngurumo wa umeme huo waweza kuingia katika muziki. Na kwa kuwa vumbi la Karatu wakati wa kiangazi halina mlango lisioupita, kila spika na iwe na kifuniko cha kitambaa kinachovulika na kufuliwa.

Baada ya ukuta mmoja huja kuta zote nne. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard, alitakiwa auponye ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa lilidumu hewani sekunde 5 na nusu, likiyafunika maneno yaliyolifuata. Usiku baada ya usiku alihamisha humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima, hata akapata kanuni isemayo kwamba muda wa mwangwi hurefuka kwa kadiri ya ukubwa wa chumba na kufupika kwa kadiri ya vitu vinywavyo sauti. Kwa kanuni hiyo, sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3, ikiwa na vigae, plasta na vioo vitupu, yaweza kuishika sauti kwa sekunde 3 au zaidi. Ikitandikwa zulia nene, ikapata mapazia mazito, makochi ya kitambaa na rafu za vitabu, muda huo waweza kushuka hata karibu na nusu sekunde. Hapana spika, hata ikiwa ya thamani gani, iwezayo kuifanya kazi hiyo ya zulia.

Ama mpangilio, spika mbili za mbele ziwe kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi, kila moja ikiachana na mstari wa katikati kwa nyuzi 30. Mbili za ubavuni zikae nyuma kidogo ya msikilizaji, baina ya nyuzi 100 na 120. Na ya tano iwe katikati, karibu na televisheni. Hiyo ya katikati isidharauliwe, maadamu ndiyo ibebayo maneno. Kwa mfano, filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kutunukiwa Oscar mwaka 1960, ina picha za nyika iliyo jirani na Karatu. Lakini bibi wa nyumba, ambaye masikio yake hayapati tena sauti nyembamba, atafaidi nini kwa filamu kama hiyo iwapo sauti ya msimulizi humfikia imevurugika?

Yabaki sabufa, yaani spika ya sauti nzito, ambayo aghalabu haifichwi ukutani, kwa kuwa sauti za chini ya mitetemo 80 hazimwonyeshi msikilizaji zitokako. Sauti za namna hii husafiri mbali na kupenya vizuizi: ngurumo ya simba, ambayo karibu naye hufikia desibeli 114, huweza kusikiwa kilomita 8, na tembo huitana kwa sauti zilizo chini ya mitetemo 20, ambazo sikio la binadamu halizipati. Kwa sababu iyo hiyo besi ya sebuleni huingia chumbani kwa jirani bila ya kubisha hodi. Kinga yake ni uzito: kila uzito wa ukuta unapoongezwa mara mbili, sauti ipitayo hupungua kwa desibeli 6 hivi. Wairaqw wa nyanda hizi, waliojenga zamani nyumba za tembe zilizochimbiwa katika miteremko, zenye kuta na paa za udongo mzito, walikuwa na kinga hiyo kwa wingi kuliko sisi wenye paa za bati. Nasi yatupasa walau tuwe na dari nzito, mlango usio na mwanya, na adabu ya kupunguza sauti usiku uingiapo.

Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba fedha za sinema ya nyumbani zigawanywe kinyume cha desturi: kwanza ukuta, dari na zulia, kisha nyaya, na spika mwisho. Spika dhaifu katika chumba kilichotengenezwa vyema yaweza kubadilishwa mwaka wowote kwa bisibisi. Chumba kibovu hubadilishwa kwa nyundo.