Chakula cha Shamba Lako Wakati wa Kipupwe

Mkulima wa Buigiri, mwezi wa Juni ukifika upepo wa baridi huvuma na mtama huwa umekwisha kukatwa. Huo ndio wakati kila nyumba ina chakula, na ndio wakati mchuuzi anapokuja na mizani yake. Kabla hujamfungulia ghala, fanya hesabu.

Tuchukulie kwamba mtu mmoja, wakubwa kwa watoto, hula nafaka nusu kilo kwa siku. Jamaa ya watu 6 itakula kilo 3 kwa siku, yaani kilo 90 kwa mwezi. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mavuno hayo ni ya kula mwaka mzima: magunia 11 ya kilo 100. Yakizidi hapo, uza. Yakipungua, usiuze hata debe moja, maana utakalouza Juni kwa bei ndogo utalinunua Januari kwa bei kubwa, wakati jembe linapotaka nguvu. Pombe nayo ihesabiwe. Gunia moja likipikwa pombe, chakula cha mwezi mmoja kimekwenda. Hatusemi msinywe, twasema mhesabu.

Wako wanaodharau uwele na mtama wakatamani sembe ya dukani. Hilo ni kosa. Nafaka hizi hustahimili ukame kuliko mahindi, na uwele una madini ya chuma mengi kuliko sembe. Hata ghalani zina faida. Yule dumuzi mharibifu, aliyeingia nchini upande wa Tabora katika miaka ya 1970, hupenda zaidi mahindi na mihogo mikavu. Lakini fukusi hula mtama, kwa hiyo usiache kuulinda.

Nafaka yakaushwe sawasawa. Usianike masuke juu ya udongo mtupu. Tumia kichanja, mkeka au turubai. Ili kujua kama imekauka, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, kisha tikisa kwa nguvu. Chumvi ikigandama kwenye chupa, nafaka ingali na maji, irudishe juani. Usiione hii kuwa kazi ya kitoto. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi zitengwe, wala usizipikie pombe wala kuwapa kuku.

Baada ya kukausha, peta, ondoa punje zilizovunjika, kisha hifadhi katika kilindo safi kilichoinuliwa juu ya sakafu, au katika mifuko isiyopitisha hewa. Usichanganye nafaka mpya na mabaki ya mwaka jana, kwa kuwa humo ndimo fukusi walimojificha.

Kitoweo nacho kinatoka hapa hapa. Mama zetu hukausha mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua, wakala mpaka mvua nyingine. Desturi hiyo ni njema, ila majani yaanikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto. Njugu mawe zilowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa. Zitaiva upesi na kuni zitabaki.

Tena mibuyu imejaa matunda miezi hii, na hailimwi na mtu. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi, lakini moto mwingi huiharibu. Kwa hiyo pika uji wa uwele, uepue, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge ubuyu.