Begi la mkononi kwenye ndege: pima na usome tiketi kabla hujatoka nyumbani

Aliyezoea kusafiri kwa basi anajua kwamba mzigo ukizidi, mnaelewana na kondakta. Kwenye ndege hakuna wa kuelewana naye. Begi linawekwa kwenye mizani, namba inasomeka, na likizidi una mambo matatu ya kuchagua: ulipie, upunguze vitu huku foleni ikikusubiri, au uache kitu hapo hapo.

Kwa mtu aliyeuza mazao ili anunue tiketi ya kumpeleka mgonjwa Muhimbili, au kijana anayekwenda kazini Oman akiwa na fedha kidogo za kuanzia maisha, gharama hiyo inauma. Habari njema ni kwamba karibu yote haya yanaweza kumalizwa nyumbani, siku mbili tatu kabla ya safari. Katika makala haya tunaeleza namna ya kufanya hivyo.

Mizigo ni ya aina mbili

Mzigo wa kwanza ni ule unaoukabidhi kaunta, unafungwa lebo na kusafiri chini ya ndege. Utauona tena unakofika. Kwenye tiketi huandikwa "checked baggage". Wa pili ni begi la mkononi, ambalo unapanda nalo na kuliweka kwenye kabati juu ya kiti au chini ya kiti cha mbele yako. Kwenye tiketi huandikwa "cabin baggage" au "carry-on".

Kila aina ina kiwango chake. Kilo ulizobakiza kwenye mzigo mkubwa hazihamii kwenye begi la mkononi, wala mwenzako akiwa na begi jepesi haimaanishi lako linaruhusiwa kuzidi.

Kilo 7 ni nyingi kiasi gani?

Mashirika mengi yanayoruka ukanda wetu huruhusu kilo 7 mkononi kwa abiria wa daraja la kawaida. Huo ni uzito wa pakiti tatu za unga za kilo mbili pamoja na pakiti moja ya sukari ya kilo moja. Ila kumbuka kwamba begi lenyewe linahesabiwa. Begi gumu la magurudumu linaweza kuwa na kilo mbili na nusu au tatu likiwa tupu, kwa hiyo unabaki na nafasi ya kilo nne tu. Begi la kitambaa la mgongoni ni jepesi zaidi.

Uzito si jambo pekee. Ukubwa nao hupimwa, na hapa mashirika hutofautiana. Ethiopian Airlines na Qatar Airways zote zimeweka kilo 7 kwa daraja la kawaida, lakini Ethiopian huruhusu begi la sentimita 55 kwa 40 kwa 23, na Qatar sentimita 50 kwa 37 kwa 25. Begi lililopita salama safari ya kwanza linaweza kukataliwa safari ya pili kwa shirika jingine.

Ndege ndogo za abiria kumi na wachache, kama zile zinazokwenda visiwani na mbugani, huwa kali zaidi. Baadhi huruhusu kilo 15 kwa mizigo yote, wa mkononi ukiwemo, na hutaka begi laini lisilo na fremu ngumu.

Soma tiketi yako kwenye simu

Ukitumiwa tiketi, usiangalie tarehe na saa peke yake. Tafuta sehemu ya mizigo. Ukiona 23K maana yake ni kilo 23. Ukiona 1PC ni begi moja, 2PC ni mabegi mawili. Ukiona NIL au 0PC, tiketi hiyo haina mzigo wa kukabidhi kabisa: una begi la mkononi tu. Tiketi za bei ya chini sana mara nyingi huwa hivyo, na wengi hugundua wakiwa wameshafika uwanjani na sanduku.

Kama una tiketi mbili tofauti, kwa mfano moja ya Mwanza hadi Dar es Salaam na nyingine ya kutoka Dar kwenda nje, fuata kanuni ya shirika lililo kali zaidi.

Usipoelewa, piga simu ya huduma kwa wateja ya shirika lenyewe, uwataje namba ya tiketi, kisha uulize maswali matatu. Begi la mkononi ni kilo ngapi? Vipimo vyake ni vipi? Nikizidisha, kilo moja ni shilingi ngapi nikilipa leo, na ni ngapi nikilipa uwanjani? Mara nyingi kulipa mapema ni nafuu. Uliza hata kama wakala aliyekukatia tiketi amekuhakikishia, maana uwanjani wanafuata tiketi, si maneno ya wakala.

Pima bila mizani maalumu

Mizani ya kupimia magunia haifai kwa begi dogo. Nenda zahanati au duka la dawa lenye mizani ya kusimama. Simama peke yako, soma, kisha simama ukiwa umeshika begi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa begi. Kwa ukubwa, rula ya sentimita 30 ya mtoto wa shule inatosha. Pima pamoja na magurudumu na mkono wa begi.

Asali na samli ni vimiminika

Hapa ndipo zawadi za nyumbani hupotea. Katika safari nyingi za kimataifa, kila kimiminika kwenye begi la mkononi kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Kanuni hii ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuzuia njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji.

Kimiminika si maji na soda tu. Asali, samli, achari, siagi ya karanga, mafuta ya nazi, losheni na dawa ya meno vimo. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo: chupa ya nusu lita yenye asali kidogo chini bado inakataliwa. Zawadi hizi zifunge vizuri uziweke kwenye mzigo wa kukabidhi.

Dawa za maji za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa kuzidi kiwango hicho. Beba cheti cha daktari, na uwaambie wakaguzi kabla hawajauliza.

Visu, panga na mundu haviingii kabisa kwenye begi la mkononi. Betri ya pikipiki au ya sola yenye maji ya asidi iache nyumbani.

Pawabenki lazima iwe mkononi

Pawabenki haitakiwi kwenye mzigo wa chini. Betri ya aina hiyo ikipata hitilafu huweza kuwaka, na moto ukitokea ndani ya ndege wahudumu wanauona na kuuzima. Chini hakuna mtu.

Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Kama haijaandikwa, chukua namba ya mAh, zidisha kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, inahitaji kibali cha shirika. Ikizidi 160 hairuhusiwi. Isiyosomeka maandishi inaweza kukataliwa. Baadhi ya mashirika yameongeza masharti: Emirates, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 huruhusu pawabenki moja kwa abiria na haikubali itumike ndani ya ndege.

Vitu usivyoweza kukosa

Begi la kukabidhi linaweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Kwa hiyo weka mkononi kile ambacho ukikikosa safari inaharibika: pasipoti, mkataba wa kazi, barua ya rufaa na picha za hospitali, fedha, simu, miwani, na dawa za siku kadhaa. Insulini hasa isiwekwe chini, kwani baridi ya huko inaweza kuigandisha na kuiharibu.

Wakati mwingine ndege ikijaa, wahudumu huchukua mabegi ya mkononi mlangoni yapelekwe chini. Usigombane nao. Omba dakika moja utoe nyaraka, dawa, fedha na pawabenki. Ukiviweka tangu mwanzo kwenye mfuko mmoja mdogo ndani ya begi, utavitoa kwa mara moja.

Mzigo wa mtu mwingine

Mtu akikuomba umsaidie begi kwa sababu lake limezidi, kataa kwa heshima. Kilichomo kikikutwa mikononi mwako, wewe ndiye utakayeanza kujieleza, na anayekuomba anaweza kuwa ameshapotea kwenye umati. Hata kifurushi cha ndugu, kifungue ukione ndani kabla ya kukipokea.

Usiku wa kuamkia safari

Pima begi tena, maana zawadi za dakika za mwisho huongezeka bila mtu kuhesabu. Piga picha sehemu ya mizigo kwenye tiketi uihifadhi kwenye simu, ili hata mtandao ukikosekana uwanjani uweze kuionyesha kaunta. Nguo nzito, kama koti na viatu vikubwa, vivae badala ya kuvibeba, kwa sababu ulichovaa hakipimwi.