Hicho kitufe cha TARE kwenye mzani wako kina kazi

Leo nina neno moja tu la Kiingereza: TARE. Kama unauza kwa kupima na mzani wako ni ule wa betri, litakuwepo kwenye kitufe. Mimi nilikaa nalo miezi bila kujua ni la nini.

Nauza korosho za kukaanga hapa Kilwa Masoko. Oda napokea WhatsApp, mzigo unaenda Dar kwa basi. Mama mmoja wa Mbagala akaagiza kilo mbili, makopo manne ya nusu kilo. Nikaweka kopo, nikamimina mpaka mzani ukasoma 500, nikafunga. Mzigo ulipofika, usiku nikapata ujumbe: "Mwanangu, mbona umenipunja?" Kamimina zote kwenye mfuko, kapima, anaona kilo 1 na gramu 820. Kwanza nikahisi anatafuta cha bure. Halafu nikapima kopo tupu: gramu 45. Mara nne, 180. Kwa bei yangu ya 28,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 5,040 nimemla mtu wa watu. Hela nilimrudishia usiku uleule, ila kuaminiwa tena kulichukua muda.

Tare (wanatamka kama "teya") kama kitenzi ni kuutoa uzito wa chombo kwenye hesabu. Weka kopo tupu, subiri namba itulie, bonyeza TARE mpaka isome 0. Hapo ndiyo umimine. Ukiondoa kopo utaona -45, usishtuke, mzani haujaharibika. Ukiuzima unasahau, na ukibadili aina ya kopo unaanza upya. Mizani mingine imeandikwa T tu. Na ukitumia beseni kubwa, jua bado limeukalia mzani: wa kilo 5 wenye beseni la kilo 1 unabaki na nafasi ya kilo 4.

Yale makontena ya meli, ambayo siku hizi watu wameyageuza maduka, angalia mlangoni: utakuta TARE na kilo zake. Ndiyo uzito wa kontena likiwa tupu.

Kumbe neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, tarha, yaani kitu cha kutupwa. Mpaka leo hesabu ya kutoa Waarabu wanaiita tarh. Likapitia kwa Waitaliano na Wafaransa, Waingereza wakalipata karne ya 15. Huku pwani kwa Waarabu tulichukua frasila, tare tukaiacha, imekuja kutufikia na mizani ya Kichina!

Siku hizi kila oda naipiga picha mbili: kopo tupu mzani ukisoma 0, halafu kopo limejaa. Yule mama wa Mbagala kaagiza tena mwezi huu, kilo moja. Kanikumbusha kwamba mzani wake bado anao.