Reli, Kiwanda na Utajiri wa Usambara

Mwishoni mwa karne ya 19 Ujerumani ilijikita katika sehemu mbili zisizojuana. Kwenye pwani ya China iliuteka mji wa Qingdao mwaka 1897, na mwaka 1903 mji huo ukapata kiwanda cha bia. Huku kwetu Tanzania, Lushoto, katika milima ya Usambara, iligeuzwa makao ya wilaya na kupewa jina la Wilhelmstal, la mfalme wao. Usambara ikapata mashamba ya walowezi na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905. Leo bia ya kiwanda hicho, Tsingtao, inanywewa duniani kote, ilhali Lushoto bado inapakia kabichi kwenye malori. Hoja yangu ni kwamba thamani hubaki pale zao linapogeuzwa kuwa bidhaa. Kiwanda hufanya kazi hiyo papo hapo. Reli peke yake hulibeba zao likawatajirishe wengine.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawasifu wakoloni. Hapana. Katika wilaya hii ya Wilhelmstal, mwaka 1907, Wasambaa walianza kupewa kadi za kazi zilizowalazimisha kumtumikia mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Hilo halina cha kusifiwa. Hata Qingdao haikutajirishwa na Wajerumani: Japani iliuteka mji mwaka 1914, kampuni ya Kijapani ikakinunua kiwanda mwaka 1916, na baada ya 1949 kikawa mali ya dola ya China. Waliokirithi walikiendeleza, wakakipanua na kulilinda jina lake. Urithi uliwafaa kwa sababu ulikuwa mikononi mwao, na ulikuwa mtambo unaozalisha.

Pingamizi zito zaidi ni la kijiografia. Qingdao ni bandari yenye dola kubwa nyuma yake. Lushoto iko mlimani, na barabara ya kutoka Mombo ni ya kona na makorongo. Lakini ugumu huo ndio unaodai viwanda vidogo vya usindikaji. Nyanya iliyo kwenye tenga huharibika njiani, na mkulima anayeogopa hasara hupokea bei yoyote ya dalali. Akiuza viazi, hupunjwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Jemu, jibini au matunda yaliyokaushwa husubiri soko, na shehena yake ni ndogo kuliko ya mazao mabichi kwa thamani ileile. Ushahidi upo wilayani humuhumu: shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, hutengeneza jibini na jemu, nao watawa Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, hutengeneza mvinyo na kuuza makadamia.

Wala hatuna haja ya kuiga bia yenyewe. Waislamu ni wengi Usambara, na kiwanda kinachojengwa juu ya kileo kingewaacha nje majirani wengi. Mapeasi, mapichesi na maziwa yanatosha. Kinachokosekana ni mtaji wa vyama vya ushirika, umeme wa uhakika na vifungashio vya bei nafuu. Taasisi za dini zina ardhi na subira ya miaka mingi. Mkulima wa nusu eka hawezi kusubiri hivyo, kwa hiyo halmashauri na mabenki yabebe sehemu ya hatari ya kuanzisha usindikaji. Kila mradi wa barabara unaopangwa kwa ajili ya Lushoto uambatane na mpango wa usindikaji, la sivyo barabara nzuri itafanya kazi ileile ya reli ya 1905.